Wimbo Usio na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mtangazaji amepiga simu. Yule mwenyewe, wa kipindi cha alasiri redioni, mwenye sauti ya kumfanya mtu anunue hata asichokihitaji. Anatafuta kundi changa la watu wawili lifungue tamasha Ukumbi wa Jiji Jumamosi ya wiki ijayo, kabla bendi kubwa haijapanda. Ametusikia mahali fulani. Hakusema wapi. Sikuuliza, asije akagundua kwamba hakutusikia sisi.

Sharti lake moja tu. Anataka roki, lakini roki yenye mizizi. Alisema vijana wa siku hizi wamejaa magitaa na hawajui walikotoka. Nikamwambia sisi mizizi tunayo mpaka inatukwaza tukitembea. Akacheka. Nikacheka. Simu ilipokatika nikaacha kucheka, maana mizizi sina. Nimezaliwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Nilikotoka ni kwenye ngazi.

Kundi letu linaitwa Mizizi na Umeme. Jina nililibuni mimi. Umeme ni mimi pia: gitaa, vikanyagio vya kugeuza sauti, miwani ya jua. Binamu, binti wa Mjomba, anaimba na kupiga zeze. Nyimbo zote anatunga yeye, lakini nani asimame wapi jukwaani, hilo naamua mimi. Mazoezi tunafanyia stoo ya duka la magodoro la Mjomba. Mchana mimi nauza magodoro dukani na Binamu anashona foronya. Hakuna studio inayomeza sauti kama stoo ya magodoro. Majirani hawajui kama tupo. Mashabiki nao vilevile.

Wapinzani wetu ni Mapacha wa Gereji. Si mapacha. Hawana gereji. Mmoja ni mtoto wa daktari wa meno. Wamenunua kofia zinazofanana, basi wakajiona wasanii. Na wao wamepigiwa simu! Kila kundi litarekodi wimbo redioni, ndipo moja lichaguliwe. Mtangazaji hana haya.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuchimba mizizi. Nimemkalisha Bibi, aliyewazaa Mjomba na mama yangu, nikazima televisheni katikati ya tamthilia yake. Kosa la kwanza. Nikamwomba aniimbie wimbo wa zamani sana, wa utotoni mwake. Akafumba macho. Akaimba. Nikarekodi kila neno. Lilikuwa tangazo la sabuni ya unga.

Nikamwuliza kama hakuna wa kabla ya hapo. Akasema kabla ya hapo hawakuwa na redio. Akanitaka niwashe televisheni yake.

Nikapeleka sabuni ya unga stoo hivyo hivyo. Nikaipiga kwa gitaa, polepole, kwa majonzi. Binamu alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la mito. Alipomaliza kucheka akasema ana kitu kipya, alikitunga mwezi uliopita, hajamwimbia mtu. Akachukua zeze.

Ni wimbo wa mama yake. Marehemu mke wa Mjomba ndiye aliyekuwa akishona vifuniko vya magodoro humo humo stoo, na Binamu akiwa mtoto alilazwa juu ya pamba karibu na cherehani. Kiitikio chake ni hiki: mama anashona, mimi nalala, cherehani yake ndiyo saa yangu. Hakuna zaidi ya hapo. Anakirudia tu, na kila akirudia kinakuwa kizito zaidi.

Mjomba alikuja kuchukua godoro la mteja. Akasimama mlangoni mpaka mwisho. Kisha akaondoka bila godoro. Mimi mwenyewe nilikaribia kulia. Nikajikaza, nikamwambia Binamu panahitajika solo ya gitaa katikati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu. Kwa nini nitafute wimbo wa zamani wakati ninao mpya unaofanana na wa zamani? Wimbo wa Binamu una kila kitu. Una mama, una mtoto, una marudio. Kinachouharibu ni ile cherehani. Mababu hawakuwa na cherehani. Pakiwekwa kinu, kazi imekwisha.

Nikamwomba Binamu abadilishe. Akakataa katakata. Akasema mama yake hajatwanga kitu maisha yake yote, unga alinunua wa pakiti. Nikamweleza kwa upole kwamba ni jambo la kitaalamu, cherehani ni neno lenye makali, linapasua spika za redio. Akanitazama sana. Nikamtazama pia, kama fundi mitambo. Mwishoni akasema sawa, kwa redio tu, lakini ukumbini cherehani inarudi. Nikamwambia bila shaka.

Sasa ni hivi: mama anatwanga, mimi nalala, kinu chake mama ndicho saa yangu. Umezeeka hapo hapo!

Jumamosi, 8 Machi

Tumerekodi redioni. Wimbo ulikwenda vizuri, solo yangu ikakatwa kwa sababu za muda. Ulipofika wakati wa mahojiano nikamwambia Binamu akae nje kwenye benchi na zeze lake, kiyoyozi cha studio kinaua nyuzi. Akatoka. Namhurumia, anaamini kila kitu kinachohusu mitambo.

Mtangazaji akaniuliza wimbo ni wa nani. Hapo ndipo mtu anapojulikana kama ni msanii au mbabaishaji. Nikainamisha kichwa. Nikasema wimbo huu hauna mwenyewe. Ni wa mababu. Ulimi ukishaanza kuteleza haukamatiki: nikaongeza bonde, nikaongeza ukame, nikaongeza mama aliyetwanga kinu kitupu ili watoto walale wakidhani chakula kinakuja. Mtangazaji akajifuta jicho. Fundi mitambo nyuma ya kioo naye akavua vile visikilizio vyake masikioni.

Nafasi ni yetu! Aliniambia palepale. Nilipotoka nikamwambia Binamu tumeshinda kwa sababu ya sauti yake. Mtu apewe sifa anapostahili.

Jumapili, 9 Machi

Kipindi kimeruka hewani. Familia nzima ilikaa sebuleni. Bibi alikubali kuzima televisheni, jambo ambalo hata msiba haujawahi kulifanya.

Niliposema hauna mwenyewe, Binamu aliweka kikombe mezani. Niliposema ni wa mababu, Mjomba akageuka kuniangalia. Nilipofika kwenye kinu kitupu, nikatamani redio iharibike. Haikuharibika. Redio ya Mjomba ni imara sana.

Kisha wakaanza kupiga simu. Mzee mmoja akasema huo wimbo waliuimba wakichunga mbuzi. Mama mmoja akasema aliogeshwa nao. Mwingine akasema unakosewa, asilia una beti saba. Beti saba! Wimbo una mwezi mmoja!

Mjomba aliniuliza taratibu babu gani huyo, maana baba yake yeye alikuwa karani wa reli na hakuimba. Nikamweleza kwamba huu ni mkakati. Tukishapanda jukwaani Jumamosi, nitachukua maiki na kusema ukweli wote mbele ya watu, na hapo wimbo utakuwa na umaarufu na mwenyewe kwa pamoja. Binamu hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema atapanda kwa sharti hilo moja, niseme kwa kinywa changu kwamba wimbo ni wake na ni wa mama yake. Nikaapa. Mjomba akanitaka niape tena, huku nimemtazama yeye. Nikaapa tena. Viapo viwili kwa siku moja, mtu anachoka.

Jumanne, 11 Machi

Mtaalamu wa nyimbo za jadi amehojiwa redioni kuhusu wimbo wetu. Anasema una umri wa miaka mia mbili, labda na zaidi. Kinu ni ishara ya tumbo la uzazi. Akaulizwa mbona kuna saa humo ndani. Lile neno saa lilinipita kabisa! Mtaalamu akasema saa hapo si ya ukutani, ni majira ya mwaka jinsi wahenga walivyoyahesabu. Mtu mwenye kichwa! Nimejifunza mengi sana kuhusu wimbo wetu.

Pigo likaja wakati wa chakula cha mchana. Bibi ameukumbuka. Anasema shangazi yake aliuimba akichota maji. Nikamkumbusha kwa kunong'ona kwamba umetungwa juzi stoo na mjukuu wake. Akaniita mtovu wa adabu na kusema sikuwapo wakati huo. Binamu alisukuma sahani yake akaenda chumbani. Bibi akaendelea kuimba. Amepata mpaka ubeti wa pili.

Jumatano, 12 Machi

Wezi! Mapacha wa Gereji wametoa wimbo. Wimbo WETU. Kwa ngoma nyingi na makofi, kwa mwendo wa kukimbia. Saluni ya chini wanaupiga. Dereva wetu wa kupeleka magodoro anaupiga mluzi, na alipoulizwa na Mjomba akasema si ni wa mababu, kwani kuna ubaya?

Nikaenda kwao moja kwa moja. Gereji yenyewe ni baraza lenye mapazia ya maua. Nikawaambia wamechukua wimbo wa watu. Yule mrefu akanikaribisha kiti. Akaniambia kwa adabu zote kwamba alinisikia redioni, nilizungumza vizuri mno, na kile kisa cha kinu kitupu kilimliza mama yake. Ndipo akaona wimbo usio na mwenyewe ni wa kila mtu. Mababu ni wao pia.

Nikisema una mwenyewe, mimi ni mwongo mbele ya mtoto wa daktari wa meno. Nikinyamaza, wimbo umekwenda. Nikachagua njia ya kati. Nikawaambia wanaupiga haraka mno, mababu hawangependa. Wakashukuru kwa ushauri. Wakanipa soda.

Nikampigia Mtangazaji kulalamika juu ya ule mwendo. Amefurahi kupita kiasi! Anasema hayo ndiyo maisha ya wimbo wa jadi, unapita mkono kwa mkono. Ameamua Mapacha nao waupige Ukumbini. Watatangulia wao, tutafuata sisi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandaa hotuba ya ukweli. Ukweli wenyewe umo, lakini nimeupangia mahali pazuri. Kwanza salamu. Kisha shukrani kwa wadhamini. Kisha neno juu ya amani. Kisha, gitaa likiwa tayari limeanza kuunguruma, nitasema kwa haraka kwamba wimbo umepita mikononi mwa Binamu. Kupita mikononi si uongo. Aliyetunga kitu lazima kilipita mikononi mwake.

Nikamsomea Binamu. Alikuwa anafunga nyuzi mpya za zeze. Akasema nikishindwa kusema yeye atasema. Nikamwambia asijali, mimi ndiye msemaji wa kundi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika mkono ukiwa mzito.

Ukumbi ulijaa. Mjomba na Bibi walipewa viti vya mbele. Mapacha wakapanda na kofia zao, wakaupiga, na ukumbi wote ukaimba nao. Watu wote! Kinu chake mama! Walipunga mikono. Niliona wivu mpaka masikio yakapata moto.

Tukapanda sisi. Nikashika maiki. Salamu zikaenda vizuri. Wadhamini, vizuri. Amani, makofi. Kisha nikaona nyuso zile zote zikinitazama kwa upendo, mimi, kijana wa mababu, na nikasikia mdomo wangu unasema: wimbo huu ni wetu sote! Ukumbi ukalipuka. Sikukusudia. Au nilikusudia kidogo.

Binamu akaja akachukua maiki mkononi mwangu. Akasema wimbo ni wake. Aliutunga mwezi wa pili, stoo ya magodoro, kwa ajili ya mama yake aliyefariki, na mama yake hakuwa na kinu, alikuwa na cherehani.

Mzee mmoja akasimama safu ya katikati. Akasema: "Binti, ona aibu! Huo wimbo bibi yangu aliuimba." Wakampigia makofi. Mwingine akapaza sauti kwamba watoto wa siku hizi wanaiba mpaka vya marehemu. Binamu alianza kuimba. Mama anashona, mimi nalala. Alipofika kwenye cherehani ukumbi wote ukamsahihisha. Kinu! Kinu! Walikuwa wanatabasamu, wanadhani amesahau maneno. Akarudia. Wakamsahihisha tena, kwa nguvu zaidi, wanamsaidia.

Akanyamaza katikati ya mstari. Sijawahi kumwona anyamaze katikati ya mstari.

Ndipo Mjomba akasimama. Mjomba hajawahi kuimba, hata siku ya harusi yake. Akageuka akautazama ukumbi, na koti lake la kuazima limembana mabega, akauimba ule mstari peke yake. Cherehani yake ndiyo saa yangu. Sauti yake ilikuwa ya godoro linaloburutwa sakafuni. Hakupatia hata noti moja. Aliuimba mpaka mwisho, akasema yeye alikuwepo mlangoni. Kisha akampa binti yake mkono, akamshusha jukwaani, na wakatoka na zeze lao. Bibi akawafuata, akiwa amechanganyikiwa.

Nilimwonea huruma Mjomba. Nilijionea na mimi pia, nikafuta macho, ingawa nadhani ukumbi ule una vumbi. Nikabaki peke yangu na watu wale wote. Nikapiga solo. Mtu lazima aokoe hali.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba kimya. Binamu amejitoa kundini. Nikamwambia tusifanye mambo kwa hasira, wimbo mmoja tu, atatunga mwingine. Akasema ndiyo, wimbo atatunga mwingine, mama hatampata mwingine, na sasa watu wanamwimba mama yake na hawamjui. Alisema hivyo bila kupaza sauti, akikunja foronya.

Mjomba amefunga stoo kwa kufuli jipya. Ameniambia kazi ya dukani ipo, ila nyuma ya pazia nisipite tena.

Jumanne, 18 Machi

Nimechukua hatua ya kishujaa. Nimekwenda redioni kukiri. Nikamwambia Mtangazaji kila kitu: cherehani, spika, bonde, kinu kitupu. Nilieleza pia kwamba, kwa kuwa wimbo sasa una mwenyewe, Mapacha wazuiwe mara moja kuupiga, na ile nafasi waliyopewa baada ya tamasha, ya kuzunguka na bendi kubwa, ije kwetu. Yaani kwangu, hadi Binamu atulie.

Mtangazaji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega. Akasema anaelewa, wivu humfanya mtu aseme mengi, lakini nisithubutu kuwanyang'anya watu urithi wao. Ana simu za wazee zaidi ya anavyoweza kuzipokea. Ana mtaalamu. Mimi nina nini?

Nina ukweli, nikamwambia. Akamwita mlinzi, kwa upole.

Jumatatu, 31 Machi

Leo Binamu amesikika redioni! Peke yake, na zeze. Wimbo mpya. Kabla ya kuimba alimlazimisha Mtangazaji aseme hewani jina lake kamili, siku aliyoutunga, na mahali: jikoni kwetu, akisubiri maji yachemke. Mambo mengi yasiyo na maana, yalikula muda.

Lakini wimbo! Unamhusu mwanamume fulani anayemchukua mama wa mwenzake, anambadilisha nguo, anampeleka sokoni na kuwaambia watu ni wa bure, jichukulieni. Wakishamchukua, anasimama pembeni anashangaa mbona hapewi asante. Kiitikio kinachekesha. Mjomba alicheka, mara ya kwanza tangu Ukumbini, na chozi likamdondoka. Bibi alishika kiitikio upesi, akawa ananiimbia usoni. Dereva alicheka akinitazama. Nami nilicheka kuliko wote. Jamani, kuna watu wa hovyo hivyo duniani? Nilifikiri sana ni nani. Lazima ni yule Pacha mrefu.

Nikaenda chumbani nikausikiliza tena walipourudia hewani. Mzuri, mzuri mno, ila unanitia wasiwasi. Kwa lile jina na ile siku, kila mtu atajua ni wa jikoni. Nani atauheshimu wimbo wa jikoni? Binamu ana kipaji lakini biashara haijui, na sasa hana wa kumsemea. Damu ni damu. Nikafunga mlango, nikajifunika shuka kichwani kuzuia mwangwi, nikapiga simu redioni. Nikakohoa kizee. Nikasema mimi ni babu mwenye wajukuu wengi, na huu wimbo nimeufahamu mara moja, tuliuimba utotoni tukilinda mashamba.

Mtangazaji alipiga kelele za furaha. Aliniomba nimwimbie ubeti, nikamwimbia. Wazee wengine wawili walipiga baada yangu kuthibitisha.

Binamu hatajua ni nani aliyemsaidia. Na iwe hivyo. Mimi si mtu wa kutaka shukrani.